Kutoka Chooni Hadi Kichwani



Naomba nianzie mnadani. Jua limepanda, ng'ombe wanapigiwa bei, moshi wa nyama choma umetanda. Kijana wa miaka ishirini na kitu anaanguka chini. Mwili unakakamaa, mate yanamtoka. Watu wanarudi nyuma. Mmoja anaonya asiguswe, kwamba ukigusana na mate yake nawe utaupata. Mwingine anasema hiyo ni kazi ya mkono wa mtu. Kijana akizinduka anajipangusa vumbi na kuondoka kwa aibu. Mama yake atampeleka kwa mganga, baadaye zahanati, na huko atapewa dawa ya kifafa, fenobabitoni, kama ipo. Katika mlolongo wote huo, swali moja halitaulizwa na yeyote, kwa sababu linaonekana la kipuuzi: jirani yenu ana choo?

Tuone kwa nini si la kipuuzi. Tegu wa nguruwe ana maisha ya namna mbili. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vile vipunje vyeupe mithili ya mchele ambavyo mkaguzi wa nyama hufundishwa kuvitafuta, tegu hukua utumbo­ni mwake hadi akafikia urefu wa mita kadhaa, na mwenyewe pengine asihisi lolote. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akikila, mzunguko unaanza upya. Lakini mayai hayo yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mkono usionawishwa, kwa mboga au kwa maji, hayawi tegu wa tumboni. Huanguliwa, hupenya ukuta wa utumbo, husafiri na damu, na baadhi ya lava, yaani tegu wachanga, hutua kwenye ubongo. Kwa hiyo mla kitimoto ndiye apataye tegu, lakini apataye kifafa anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kuonja nyama hiyo. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti ugonjwa huu kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, watu wasiogusa nguruwe kwa amri ya dini yao. Hawakuhitaji kumla nguruwe. Ilitosha chakula chao kupita katika mikono ya mtu mwenye tegu.

Ndani ya ubongo lava hujificha. Huutuliza mfumo wa kinga wa mwenyeji wake, na huweza kukaa miaka kama mpangaji asiyepiga kelele. Siku anapoanza kufa, siri inafichuka. Seli za kinga zinamgundua na kumvamia, eneo linavimba, na seli za ubongo zilizo jirani zinaanza kufyatua umeme ovyo. Hapo ndipo kijana anaanguka. Zingatieni jambo hili, maana nitalirudia mwishoni: mara nyingi kinachomwangusha ni vita dhidi ya mdudu kuliko mdudu mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa njia hii. Kaskazini mwa Tanzania, watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipiga picha vichwa vya wagonjwa wa kifafa na kuzikuta alama za lava hao. Utumbo, kinga na ubongo, vyote katika kisa cha kijana mmoja.

Sasa tazameni tulivyokigawa kisa hicho. Choo ni cha bwana afya. Nguruwe ni wa bwana mifugo. Kifafa, katika hospitali zetu nyingi, ni cha kliniki ya magonjwa ya akili. Dawa ya minyoo ni ya mpango wa shule. Kila mmoja ana bajeti yake, fomu zake na semina zake. Mwili haujapata nakala ya waraka wa mgawanyo huo.

Hoja yangu leo ni moja. Sera ya afya hufuata mipaka ya mafunzo ya walioiandika. Tukitaka sera inayofuata ugonjwa kutoka chooni hadi kichwani, tulee kwanza watafiti wanaoweza kuifuata njia hiyo yote, na swali lao lianzie hapa kwetu.

Barabara tatu

Mficha uchi hazai, kwa hiyo mtanivumilia nikiendelea kutaja choo na matumbo mbele ya wakubwa.

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aliyekuwa kibarua katika biashara ya manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu halikuziba. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaona bahati iliyomwangukia. Kwa miaka kadhaa alichungulia ndani ya tumbo lile, akitumbukiza vipande vya chakula vilivyofungwa kwa uzi na kuvivuta tena, na mwaka 1833 akachapisha kitabu. Aliona, pamoja na mengine, kwamba St. Martin akikasirika, tumbo nalo hubadilika na usagaji wa chakula huvurugika. Kisa hiki kinatufundisha kwamba kichwa husemesha tumbo. Kinatufundisha pia kwamba maskini alitoa tumbo, na jina likaenda kwa aliyechungulia. Fundisho hilo la pili liwekeni akiba.

Leo tunajua mazungumzo hayo huenda pande zote mbili, tena kwa barabara zisizopungua tatu. Ya kwanza ni neva. Neva ya vagasi hushuka kutoka chini ya ubongo, hupita kifuani na kufika tumboni, na nyuzi zake nyingi, takriban asilimia 80, hupeleka habari juu badala ya kuleta amri chini. Tumbo linaripoti zaidi kuliko linavyoamrishwa.

Ya pili ni kemikali. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, asilimia 90 au zaidi, hutengenezwa utumbo­ni. Wauzaji wa virutubisho huikamata takwimu hiyo na kuwaambia watu kwamba furaha hutoka tumboni, wanunue kopo. Hawasemi kwamba serotonini ya utumbo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kazi yake ya kwanza ni kuusukuma utumbo ufanye kazi. Ikiugusa ubongo, huugusa kwa kupitia wajumbe wengine.

Ya tatu ni kinga. Ukuta wa utumbo ni mpaka mrefu, na kila siku unapitisha wageni wa kila aina, ndiyo maana sehemu kubwa ya seli za kinga zimepiga kambi hapo. Zikipambana hutoa vijumbe vya kemikali ambavyo ubongo huvisikia. Aliyewahi kuumwa malaria anavijua vijumbe hivyo hata kama hajui jina lake. Hutaki kula, hutaki mwanga, hutaki watu, unataka kujifunika tu. Kimelea mwenyewe hana haja ya kugusa fikra zako. Kinga imetuma taarifa, na ubongo umetoa amri ya kupumzika. Kwa mgonjwa wa siku tatu amri hiyo ni hekima. Kwa mtu ambaye kinga yake inawaka moto mdogo usiozimika kwa miaka, tunaanza kuuliza amri hiyo inamfanya nini.

Katika barabara zote hizo wamo vijidudu wanaoishi ndani yetu. Zamani vitabu vilisema wanazizidi seli zetu kwa uwiano wa kumi kwa moja. Mwaka 2016 watafiti watatu waliamua kupiga hesabu upya, wakapata bakteria takriban trilioni 38 dhidi ya seli za binadamu trilioni 30. Karibu sare. Kwa miongo kadhaa wasomi tulikuwa tumekariri namba ambayo haikuwa na msingi imara, na wanafunzi mlio hapa mnapaswa kuikumbuka aibu hiyo kila mnapoandika sentensi inayoanza kwa “inafahamika kuwa”.

Mwaka 2004, huko Fukuoka nchini Japani, Nobuyuki Sudo na wenzake walikuza panya wasio na kijidudu hata kimoja tumboni. Panya hao walipobanwa, homoni zao za msongo zilipanda kuliko za panya wa kawaida. Walipopewa aina moja ya bakteria mapema utotoni, hali ikatengemaa. Walipocheleweshewa vijidudu, marekebisho hayakufaulu vile vile. Panya si mtu, lakini swali likawa limezaliwa: utoto wa tumbo unaandika nini katika ubongo?

Ghala limejaa, mtoto hakui

Swali hilo lina uzito wake kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa uliotia fora ni Iringa, karibu asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja karibu asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Ghala limejaa, mtoto hakui.

Sababu ziko nyingi na zimesongamana: mlo wa aina moja, mama anayeshinda shambani, mtoto anayelishwa uji mwepesi mara mbili kwa siku. Lakini kuna mlango mwingine wa kuchunguza. Chakula kinachopita kinywani si lazima kiwe kimefika kwenye damu. Mtoto anayetambaa penye kinyesi cha kuku, anayekunywa maji yasiyochemshwa, huingiza vijidudu kila siku, hata bila kuharisha. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo visivyohesabika vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa kila siku hufupika na kulala. Ukuta unavuja, kinga inawaka, na chakula kilichokusudiwa kukuza mfupa na ubongo kinatumika kulipa askari wa mpakani. Mtoto haonekani mgonjwa. Anaonekana mdogo tu.

Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED uliofuata watoto tangu kuzaliwa kuchunguza jambo hili. Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Mara kwa mara mhudumu alibisha hodi, akauliza mtoto kaharisha mara ngapi, akachukua sampuli, akaondoka, akarudi tena.

Majibu ya tafiti zilizotafuta dawa yalivunja moyo, na ndiyo maana nayapenda. Magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, wajawazito zaidi ya 8,000 waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Vijiji vingine vilipewa vyoo bora, vingine dawa ya kutibu maji, vingine sabuni na mahali pa kunawia, vingine chakula cha nyongeza. Vyoo, maji na sabuni havikuongeza urefu wa watoto. Chakula cha nyongeza kiliongeza kidogo. Huko Haydom watafiti walijaribu kuwapa watoto dawa za kuua vijidudu pamoja na aina ya vitamini B, wakitarajia utumbo utulie na mtoto akue. Hakukua zaidi ya mwenzake.

Mwanasiasa akisikia hivyo atasema vyoo havina maana. Mtafiti aliyefundwa vizuri atauliza: choo kimoja kizuri kinafanya nini katika boma ambalo kuku, mbuzi na watoto wanagawana uwanja mmoja? Dozi ya usafi tuliyoitoa ilitosha kuyafikia mazingira yenyewe? Jibu la hapana likichapishwa kwa uaminifu huokoa fedha za wizara zaidi kuliko jibu la ndiyo lililopambwa.

Chukueni pia chanjo ya rota, ile ya matone. Huko Ulaya iliwakinga watoto zaidi ya tisa katika kumi dhidi ya kuhara kukali. Jaribio lililofanyika Ghana, Kenya na Mali, likachapishwa mwaka 2010, lilipata kinga ya takriban asilimia 39. Tone ni lile lile, tumbo si lile lile. Hata hivyo, nchi zetu zilifanya vyema kuiingiza, kwa kuwa penye vifo vingi hata kinga ya nusu huzuia misiba mingi. Ila chanjo hiyo ilitufundisha kwamba kinga ya mtoto wetu huamuliwa pia na hali ya utumbo wake siku anapofunguliwa kinywa. Hilo halikuwa limeandikwa kwenye kifungashio.

Mlima na mlo wake

Sasa habari ya karibu zaidi na njema zaidi. Mkoani Kilimanjaro, watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC cha Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walilinganisha Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Mwaka 2021 waliripoti kwamba kinga ya watu wa mjini ilikuwa imeelekea kuwaka zaidi, na mlo ulikuwa sehemu ya maelezo yake.

Hawakuishia hapo. Wakachukua wanaume vijana 77. Wengine wa kijijini walibadilishiwa mlo kwa wiki mbili wakala vya kimjini, vilivyosindikwa na kukaangwa. Wengine wa mjini wakarudishwa kwenye mboga, maharage, matunda na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Matokeo yalitoka mwaka 2025. Waliohamia mlo wa kisasa, damu yao ilionyesha dalili za kinga kuwaka na uwezo wa baadhi ya seli za kinga kudhoofika. Waliorudi kwenye mlo wa asili, na waliokunywa kinywaji kilichochachushwa, walielekea kutulia. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Najua wapo watakaotoka hapa wakisema mhadhiri karuhusu mbege. Mhadhiri hakuruhusu. Walikuwa wanaume peke yao, kwa siku chache, na kilichopimwa ni damu. Hatujapima nani alipata kisukari wala nani alishikwa na huzuni. Mbege ina kileo, na kileo kina madhara yake yanayojulikana. Ninachosifu ni mahali swali lilipotoka. Godfrey Temba, aliyeongoza uandishi wa kazi hizo, ni mtafiti wa huko huko Moshi, aliyesomea uzamivu akiwa na mguu mmoja KCMC na mwingine Uholanzi. Mtu ambaye hajawahi kuiona mbege msibani na harusini asingewaza kuiingiza katika jaribio la kinga. Fedha na mitambo vinaweza kutoka nje. Swali hili lilitoka mlimani.

Tumbo la nani ndilo kipimo?

Mkienda kwenye maduka makubwa ya Nairobi au Dar es Salaam mtaona makopo ya bakteria wazuri, dawa za kusafisha utumbo na chai za kuondoa sumu. Nyingi zinauzwa kwa ahadi zilizopimwa, kama zilipimwa kabisa, kwa watu wa mbali.

Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Utafiti wa mwaka 2014 uliochunguza watu 27 wa jamii hiyo haukukuta kwa watu wazima bifidobakteria, kundi lile lile linalotangazwa kwenye vikopo vya mtindi kama alama ya tumbo lenye afya. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kwamba vijidudu vyao hubadilika na majira: kuna jamii za bakteria zinazopungua hadi zisionekane, kisha zinarudi mwaka unapozunguka. Basi tumbo zuri ni lipi? La masika au la kiangazi? La Eyasi au la Amsterdam?

Hatuwezi kujibu kwa sababu mizani imeegemea upande mmoja. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikuta kwamba zaidi ya asilimia 70 ya sampuli za vijidudu vya binadamu zilizowekwa wazi duniani zilitoka Ulaya, Marekani na Kanada. Hata Afrika si tumbo moja. Huko Malawi, mwaka 2013, watoto wenye utapiamlo mkali waliopewa antibayotiki pamoja na chakula cha tiba walipona zaidi. Niger, mwaka 2016, faida ya namna hiyo haikuonekana. Anayeandika mwongozo wa bara zima akiwa ofisini, kwa kutegemea nchi moja, anabahatisha kwa watoto wa wenzake.

Wa Eyasi wamechunguzwa sana. Nauliza bila kumlaumu mtu: mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Wageni wamekuja. Je, mwenyeji kapona?

Kumlea mtafiti

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtafiti wa utumbo, kinga na ubongo haokotwi. Huundwa, na kwa sasa tunamuunda vipande vipande. Anayesomea vijidudu hamwoni mgonjwa. Anayesomea akili haigusi maabara. Daktari wa mifugo na daktari wa binadamu wanaachana mwaka wa kwanza, na wengine hawakutani tena hadi uzeeni.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwanafunzi wa uzamivu katika eneo hili apite, kwa miezi na si kwa ziara ya kupiga picha, katika machinjio, kliniki ya watoto wenye utapiamlo, kliniki ya kifafa na afya ya akili, na maabara. Katika machinjio atajifunza kwa nini mkaguzi huona nguruwe wawili kati ya kumi wanaochinjwa kijijini, kwa kuwa wanane wamechinjwa alfajiri nyuma ya nyumba. Huo ni mfano wangu wa kufikirika, lakini aliyewahi kukaa kijijini anaujua ukweli ulio ndani yake. Data za ukaguzi husimulia habari za nguruwe waliofika kwa mkaguzi.

Pili, lugha. Mtu mwenye sonona kwetu haji akisema ana sonona. Husema ana mawazo, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, tumbo linamchemka. Mtu aliye na wasiwasi tunasema ana tumbo joto. Mtafiti asiyejua kutenganisha tumbo joto la hofu na tumbo linalouma kwa vidonda ataingiza kwenye kompyuta takwimu safi za maneno yasiyoeleweka. Na anayeomba sampuli ya kinyesi ajue anaomba nini. Kwa wazee wetu, nywele, kucha na kinyesi ni vitu vya kufichwa visifike mikononi mwa mwenye nia mbaya. Ridhaa haipatikani kwa kusoma fomu kwa kasi. Inapatikana kwa kukaa, kueleza kitakwenda wapi, nani atakisoma, na lini utarudi na majibu.

Tatu, sampuli isomwe hapa. Tunayo mazoea: kijana wetu anakusanya, anaganda na baridi ya jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, anahangaika na jenereta umeme ukikatika, anagombea vitendanishi vilivyokwama bandarini, kisha sanduku linapanda ndege na akili yote ya kazi inafanyikia huko. Anabaki mkusanyaji mwenye shahada. Usomaji wa jeni za bakteria siku hizi unahitaji kompyuta nzuri, intaneti ya kuaminika na mtu aliyefundwa takwimu. Hivyo vitatu nchi hizi zinaweza kuvinunua na kuvilea. Kilifi, pwani ya Kenya, inaonyesha njia. Tangu mwaka 1989, ushirikiano wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na mfuko wa Wellcome Trust umelea watafiti wa Kiafrika ambao leo wanaongoza kazi walizokuja kuzisaidia.

Nne, kazi baada ya shahada. Tunamsomesha mtu miaka minne, anarudi, tunampa vipindi ishirini kwa wiki na ofisi isiyo na meza. Baadaye tunashangaa akiondoka.

Kuandika sera

Mafunzo hayo yazae nini? Niseme machache ambayo ushahidi wake unatosha kuanzia.

Kifafa cha tegu kinazuilika. Chanjo ya nguruwe ipo, iitwayo TSOL18, na dawa ya oksifendazoli inayoua lava ndani ya nguruwe ipo, na zimejaribiwa pamoja nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kikwazo ni hiki: mfugaji analipia chanjo ya ugonjwa usiomuumiza nguruwe wake, ili kumkinga mtoto wa jirani asianguke. Soko halitalitatua hilo. Ni kazi ya fedha za umma, na fungu liwe moja kwa mifugo, vyoo na kliniki ya kifafa, likiwa na mtu mmoja wa kuulizwa.

Mtoto akitoka wodini asisahaulike. Mtandao wa utafiti wa CHAIN, ambao Kilifi ni kituo chake kimojawapo, ulifuata watoto wagonjwa katika hospitali za nchi sita za Afrika na Asia. Karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Karatasi ya ruhusa imekuwa kama cheti cha kupona, kumbe utumbo na kinga bado vinapigana. Mhudumu wa afya ya jamii apewe orodha ya watoto hao na nauli ya kuwafikia.

Antibayotiki zinazouzwa kama peremende kwenye maduka ya dawa zishikiwe bango kwa sababu mbili. Tumezoea kuitaja moja, usugu wa vimelea. Ya pili ni kwamba kila dozi isiyo ya lazima hupita tumboni kama moto wa nyika, haichagui mti.

Na chakula cha shule kisihesabiwe kwa kilo za unga peke yake. Unga usiokobolewa, maharage na mboga ni sera ya kinga, hata kama vimekaa katika jedwali la wizara ya elimu.

Kidonge kimoja

Nimalizie kwa kidonge. Prazikwanteli ni dawa nzuri. Mashuleni huwapa watoto wetu nafuu ya kichocho, na kwa dozi ndogo zaidi humtoa tegu tumboni. Anayejua utumbo tu atasema tugawe kila mahali, tumalize. Sasa mkumbukeni mpangaji asiyepiga kelele aliye kichwani. Dawa ikimfikia na kumuua, kinga inaamka ghafla, ubongo unavimba, na mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaanguka jioni. Ndiyo maana anayetibu lava wa ubongo hutakiwa kupiga picha ya kichwa kwanza, kisha kutoa dawa ya minyoo pamoja na dawa za kutuliza kinga. Kidonge hicho kimoja hakiwezi kutolewa kwa usalama na mtu anayejua theluthi moja ya mwili.

St. Martin alitoa tumbo, mwingine akapata jina. Sisi tumetoa matumbo mengi. Malipo ninayoyadai si majina kwenye majarida, ingawa nayo ni haki yetu. Ninataka siku moja kijana aanguke mnadani, na katika umati ule awepo mwanafunzi mmoja aliyefundwa kotekote. Amlaze ubavu, amtolee vitu vya kumdhuru, akae naye hadi azinduke. Kisha amgeukie mama yake, amwamkie, na kumuuliza kwa upole, akijua atakachofanya na jibu: Mama, jirani yenu ana choo?